Ukungu ndani ya lenzi za vifaa vya upimaji ardhi

Kifaa kimelala ofisini kwenye kiyoyozi cha nyuzi 22, asubuhi kinapelekwa saiti Kigamboni. Ukikitoa tu, lenzi inakuwa nyeupe. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 hutua umande juu ya kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 27. Kiache kivulini ndani ya sanduku lililofungwa, dakika 45 hivi, ndipo ukitoe.

Ukungu huo wa nje ni tatizo dogo. Ukungu usiofutika kwa kitambaa uko ndani: oringi (pete ya mpira inayoziba maungio ya kifaa) imechoka, au kuna aliyefungua theodolaiti (kifaa cha kupimia pembe) akaifunga siku ya mvua. Wengi huianika juani. Lenzi inakauka kweli, lakini mvuke umebaki mlemle. Jioni ikipoa, ukungu huo umerudi. Ukizoea kuanika, ipo siku utaona kitu kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na ikishakula koti la lenzi, yaani tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, hakuna kusafisha kutakakolirudisha.

Sisi tunabadilisha oringi kwanza. Kisha tunapuliza hewa kavu, yenye kiwango cha umande cha nyuzi 40 chini ya sifuri (yaani haitoi umande mpaka ipoe kufikia hapo), kupitia tundu la skrubu moja huku la upande wa pili likiwa wazi. Lita 1 kwa dakika, shinikizo lisizidi baa 0.1. Ganda la lita 2 hubadilishwa hewa mara tano kwa dakika 10 tu, ila tunaacha saa nzima, kwa sababu plastiki na grisi huendelea kutema unyevu zilioushikilia. Anayeishia dakika 10 ataona ukungu tena wiki ijayo na kumlaumu aliyemuuzia oringi.

Fundi unayetaka kujaribu mwenyewe, usichomeke mpira wa kompresa ya gereji. Tangi lake lina maji, hewa yake ina mafuta. Weka chujio la mafuta la mikroni 0.01, halafu kopo la silika jeli, zile punje zinazofyonza unyevu. Jeli ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani, ikaushe kwenye oveni, nyuzi 110, saa 2 hadi 3. Mpira wa kupitishia hewa uwe wa PTFE (tefloni). Wa silikoni ni laini na unavutia, lakini hupitisha mvuke wa nje ukutani mwake.

Na kile kipaketi cha silika kilichokuja na sanduku? Kinakausha sanduku. Unyevu ulioko nyuma ya oringi, ndani ya kifaa, hakiufikii.