Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: zebaki itoke jikoni

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitazirudia. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na mashimo mawili yaliyojaa maji tumeyafukia. Muda wangu nauweka kwenye zebaki, ile tunayoichanganya na mchanga ili ishike dhahabu, kisha tunachoma donge hilo zebaki itoke kwa mvuke na dhahabu ibaki.

Mwezi wa tatu mama mmoja tunayechimba naye hapa Busia alikuja kutia sahihi daftari la mauzo. Kalamu ilimcheza mkononi hadi karatasi ikatoboka. Miezi kadhaa alikuwa hapati usingizi, ufizi unavuja damu, na kila alipokwenda kutibiwa alirudi na dawa za malaria. Nikamuuliza dhahabu anaichomea wapi. Jikoni, akasema, kwenye kijiko juu ya sigiri, mtoto mgongoni.

Wengi wetu tunaogopa zebaki iliyo kwenye karai kwa sababu tunaiona: ikigusa pete ya dhahabu, pete inageuka nyeupe. Kuikanda kwa mikono mitupu si vizuri, kweli, lakini kwenye ngozi hupenya kidogo. Inayotumaliza ni mvuke wake. Hauna rangi wala harufu, na katika kila sehemu 10 unazovuta, karibu 8 hubaki mwilini, zikaingia kwenye ubongo na figo. Mjamzito akiuvuta, humfikia mtoto tumboni.

Zebaki ikianguka kwenye vijito, vijidudu vya topeni huigeuza kuwa methili-zebaki, nayo huingia kwenye samaki. Ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956. Uganda iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, wenye jina la mji huo, mwaka 2019. Nyingine ya jamii hiyo, dimethili-zebaki, ilimuua mwaka 1997 profesa wa kemia wa Marekani, Karen Wetterhahn: matone machache yalipenya glavu yake. Hiyo sisi hatuishiki, ila nimeitaja kwa ajili ya wanaoniambia glavu zinatosha.

Tumenunua ritoti, yaani chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba. Mvuke unapoa humo, zebaki inarudi kuwa maji na unaitumia tena. Wapo wanaolalamika kwamba inachelewesha. Nawaelewa, mnunuzi akiwa mlangoni kila dakika ni pesa. Hata hivyo naomba mkutano huu upitishe leo kwamba hakuna mwanachama kuchomea nyumbani. Ufunguo wa banda la ritoti uko kwa katibu, tangu asubuhi hadi jioni.

Yule mama aliacha kuchoma tangu Juni. Mkono bado unamcheza, ila usingizi umerudi.