Kabla ya kibali cha hoteli, tuonyeshwe maji yatapita wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar kugeuzwa hoteli. Kila inapotoka habari ya jengo la zamani kubadilishwa matumizi, wapo wanaotaka nyumba zibaki makaazi ya wenyeji kama zilivyokuwa, na wapo wanaosema kwamba bila ya fedha za utalii zitaanguka zote. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaliruka swali lililo muhimu zaidi, nalo ni jengo lenyewe litabebeshwa mzigo gani na maji yake yatapita wapi.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na sakafu za ghorofa zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi ukiwa haufiki mita 3. Kuta ni nene, lakini unene huo usimdanganye mtu, kwani ndani yake mna mawe madogo madogo na udongo, na udongo ukilowa hulainika. Nyumba ya namna hii ilikuwa na vyoo vichache, na maji ya kuogea yalipandishwa kwa ndoo.

Nyumba hiyohiyo ikigeuzwa hoteli, kila chumba hutakiwa kiwe na bafu lake. Kuta hutobolewa kupitisha mabomba, zege humwagwa juu ya boriti zilezile ili vigae vipate pa kukaa, na juu kabisa hupandishwa mkahawa wa kutazamia machweo pamoja na matangi ya maji, ambayo moja tu la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani 2. Kiungo cha bomba kikianza kuvuja nyuma ya kigae, hakuna anayekiona. Maji huingia ukutani, ncha za boriti zilizozikwa humo huoza, na mchwa humalizia kazi. Wakati huo mlango wa nakshi umepakwa mafuta, unang'ara, na wageni wanasubiriana zamu ya kupigwa picha mbele yake.

Saruji nayo huongeza madhara. Lipu ya chokaa hupitisha unyevu, hivyo ukuta uliolowa wakati wa masika hupata nafasi ya kukauka mvua zikisha. Lipu ya saruji huufungia unyevu na chumvi ndani mpaka ukuta ubanduke mapande kwa mapande, na hapo fundi huitwa apige saruji nyingine, nzito kuliko ya kwanza. Simlaumu sana fundi. Saruji hununuliwa dukani leo na kutumika leo, ilhali chokaa yataka kuchomwa, kuzimwa kwa maji na kulazwa muda mrefu, na anayemlipa fundi ana haraka ya kupokea wageni.

Wala sisemi kwamba hoteli peke yake ndizo zenye kosa. Zipo nyumba zinazokaliwa na familia kadhaa kwa kodi ndogo, ambamo mfereji wa paa umeziba majani na takataka mwaka mzima, na kila mpangaji anaamini kuwa kuuzibua ni kazi ya mwenye nyumba.

Kubadilisha matumizi kunawezekana, na mifano tunayo. Dispensari ya Tharia Topan, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1887, ilikarabatiwa katika miaka ya 1990 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ikawa kituo cha utamaduni, na Ngome Kongwe imepokea kwa miaka mingi tamasha la muziki la Sauti za Busara katika ukumbi wake wa wazi. Katika majengo hayo matumizi mapya yalifuata umbile la jengo. Kwa upande mwingine, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, hali likiwa katikati ya matengenezo. Kupatikana kwa fedha za ukarabati, basi, hakumalizi jambo.

Mamlaka ya Mji Mkongwe imekuwapo tangu mwaka 1985, na mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ninachoomba ni kwamba kibali chochote cha kubadilisha matumizi kianze na ramani ya maji kabla ya kujadili rangi ya madirisha. Mabafu yapangwe upande mmoja, moja juu ya jingine, matangi makubwa yakae chini, mabomba yapite mahali yanapoweza kuonekana na kukaguliwa kila baada ya masika, na sehemu ya ada za vibali itumike kuwafundisha vijana kazi ya chokaa. Mwekezaji atakayelalamika kwamba masharti hayo yanampunguzia vyumba atakuwa amesema kweli. Pengine nyumba aliyoichagua haifai kuwa hoteli, bali ingefaa zaidi kuwa ofisi ya mawakili, maktaba, au makaazi ya familia mbili.

Wako,
Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Unguja