Probiotiki za ndama: zinavyofia kwenye ndoo kabla ya kufika tumboni

Wafugaji wengi huulizia probiotiki, yaani unga wa bakteria wema walio hai, ndama akishaanza kuharisha. Hapo tayari umechelewa. Ndama huzaliwa na utumbo usio na bakteria karibu wowote, kisha ndani ya saa chache wanaingia kupitia chuchu chafu, ndoo na matandiko. Bakteria wabaya kama E. koli aina ya K99 hushambulia zaidi siku nne za kwanza. Salmonela huweza kuja wiki zinazofuata. Bakteria wema kama Lactobacillus na Enterococcus faecium wakiwahi nafasi kwenye ukuta wa utumbo, hula chakula kilekile cha wabaya na kutoa asidi ya laktiki inayowabana.

Dang'a kwanza, lakini, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Ndama wa kilo 30 apate lita 3 ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa. Hakuna unga tunaouza dukani kwetu unaoziba pengo hilo.

Baada ya hapo lenga bakteria hai bilioni 1 kwa ndama kwa siku, kila siku, kwa wiki mbili za mwanzo, isipokuwa kama lebo inasema vingine. Soma hesabu ya bakteria kwa gramu, siyo bei ya pakiti: penye bilioni 2 kwa gramu utahitaji nusu gramu tu, penye milioni 20 utahitaji gramu 50. Pakiti ya bei rahisi inaweza kuwa ndiyo ghali. Isiyoandika hesabu wala tarehe ya mwisho, iache rafuni.

Makosa mengi hutokea jikoni. Unga unatiwa kwenye maziwa yaliyotoka kuchemka, na Lactobacillus wote wanakufa hapohapo. Subiri maziwa yafike nyuzi 38 au 39, koroga unga kwenye kikombe kimoja cha maziwa hayo, rudisha kwenye ndoo, anyweshe papo hapo. Ukitumia maziwa ya unga, usiyakoroge kwa maji ya bomba yenye klorini. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Pakiti iliyofunguliwa ifungwe vizuri na ikae kwenye friji au mahali pakavu penye ubaridi. Juu ya kabati chini ya bati, saa nane mchana, ni kuua mali yako mwenyewe.

Ndama akiwa kwenye antibayotiki, dawa hiyo huua hata hao wema. Maliza dozi aliyoandika daktari, kisha anza upya.

Akiharisha, kinachomuua haraka ni kukauka maji. Mpe lita 2 za maji ya chumvichumvi za ndama (za kurudishia maji mwilini) asubuhi na jioni, mbali na saa za maziwa, na maziwa usimkatie. Damu kwenye kinyesi, macho kuzama au kushindwa kusimama ni kazi ya daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Tena kuharisha kwingine huletwa na virusi vya rota au vimelea vya kriptosporidia. Usitegemee probiotiki iwaondoe hao.

Ukija dukani, tuambie umri wa ndama, lita anazokunywa na dawa anayotumia sasa. Kipimo tutakupigia hesabu hapohapo.