Muziki wangu wa hatua ya tatu umenigombanisha na watu

Shangazi, shikamoo.

Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na mahari. Yangu ni ya gemu ya simu, lakini usingizi umenipaa vilevile, kwa hiyo nivumilie.

Mimi ni kijana wa Unguja. Mchana natengeneza simu Darajani, jioni napiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, kwenye kikundi cha taarab. Rafiki yangu wa Dar anayeandika programu aliniomba nimtungie muziki wa gemu yake ya nahodha mdogo anayesafirisha jahazi. Gemu ina hatua tano: gatini, sokoni, kwenye mikoko, baharini wakati wa dhoruba, na pangoni. Kila hatua na muziki wake. Tulikubaliana shilingi 400,000, nusu akanitumia siku ileile.

Hatua nne hazina tatizo. Balaa ni ya tatu, ya mikoko. Ni usiku, maji yanakupwa, na mchezaji anatakiwa apenye katikati ya mizizi kabla jahazi halijakwama matopeni. Hapo ndipo niliposema sasa nitaonyesha nilichosomea. Nikatunga kwa bayati, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Fidla inaanza peke yake na ngoma ya dumbaki, taratibu, kisha kwenye mizani ya 17 (mizani moja ni mapigo manne) kanuni inaingia. Kwa hicho kipande cha kanuni nilikaa wiki mbili. Nilikirekodi usiku wa manane ili pikipiki zisiingie kwenye maikrofoni.

Nikueleze kidogo, maana shida yenyewe imejificha hapa. Muziki wa gemu hauna mwisho kama wa ukumbini. Harusini naona watu wamechoka, namkonyeza mpiga rika, yaani tari, tunafunga. Kwenye gemu hujui mtu atakaa dakika moja au ishirini, kwa hiyo unatunga kipande kifupi ambacho mkia wake unaingia kichwani bila mshono kuonekana. Changu kina mizani 24 kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, jumla sekunde 48. Mchezaji akikaa dakika sita, amekisikia mara saba na nusu. Dosari ambayo jukwaani ingepita bila mtu kuigundua, huku inarudi kila baada ya sekunde 48 kama mdai.

Rafiki yangu akafungua kundi la WhatsApp la watu wa kuijaribu gemu, kama kumi na wawili hivi. Maneno yakaanza. Mmoja akasema muziki wa mikoko unachosha. Mwingine akasema anajiona yuko harusini anasubiri pilau. (Hilo lilinichekesha, sikatai.) Wa tatu akasema amezima sauti kabisa. Kisha kijana mmoja wa Manzese akaandika mambo mawili: kwamba fidla ina noti moja mbovu, na kwamba muziki "unajikwaa" kila unapoanza upya.

Noti mbovu! Shangazi, ile ndiyo sauti ya pili ya bayati. Inakaa katikati, kati ya kitufe cheupe na kitufe cheusi cha kinanda, na ndiyo inayoipa bayati huzuni yake. Wazee wa kikundi chetu kikongwe cha taarab, Ikhwani Safaa, wapo tangu 1905, na sauti za namna hiyo zimepigwa hapa kwetu miaka yote hiyo bila mtu kuziita mbovu. Ilikuwa saa saba usiku, nina kikombe cha tatu cha kahawa. Nikaandika aya nne. Sitazirudia zote, ila ya mwisho ilisema kwamba mwenye masikio yaliyolelewa na singeli asijifanye anajua muziki.

Alijibu maneno mawili tu: "Sawa kaka."

Asubuhi watu wawili walikuwa wametoka kwenye kundi. Rafiki yangu hakunigombeza. Alinitumia tu video za gemu za zamani. Moja ni Space Invaders ya 1978, ambayo muziki wake ni noti nne nzito zinazoshuka, zinarudiwa na kurudiwa, na jinsi mchezo unavyoendelea ndivyo zinavyokwenda mbio. Nyingine ni Super Mario Bros. ya 1985, ambapo muda ukibaki chini ya 100, muziki uleule unaongezwa kasi na moyo unaanza kwenda mbio. Chini yake akaandika: "Huyu ana noti nne, na watu wanatoka jasho. Wewe una ala sita." Akaongeza kwamba kufikia mwisho wa mwezi, kama sijabadilisha, atanunua muziki uliokwisha kutengenezwa mtandaoni aweke pale.

Nikampelekea mwalimu wangu wa kanuni, nikidhani atanitetea. Mzee akasikiliza kwenye kispika cha simu, ambacho dumbaki haisikiki kabisa, akanyamaza, akaomba arudishiwe. Kisha akanipimia na bashraf, muziki wa ala tupu wenye sehemu (khana) na kiitikio kinachorudi baada ya kila sehemu (taslimu), akasema: "Bashraf ina khana nne na taslimu. Wewe umechukua taslimu tupu ukaizungusha. Huu muziki ni kama mtu anabisha hodi, akifunguliwa mlango, anarudi nje kubisha tena." Sasa hawa wananiambia ni mrefu na unachosha, huyu ananiambia nimeukata kabla haujafika. Nimsikilize nani?

Wiki iliyopita nikampa mpwa wangu wa miaka kumi na minne aicheze mbele yangu. Nilikaa nyuma yake na karatasi, nikihesabu. Ndani ya dakika sita alikufa mara 17. Na kila anapokufa, hatua inaanza upya na muziki nao unaanza upya, fidla ileile, mizani ya kwanza. Mara aliyoishi kuliko zote alifika sekunde ya 24. Kanuni inaingia sekunde ya 32. Yaani mtoto amesikia mwanzo wa fidla mara 17 na kanuni hajaisikia hata mara moja! Akazima sauti, akawasha singeli kwenye simu ya dada yake, akavuka hatua kwenye jaribio lililofuata. Sikusema neno.

Nadhani waliosema unachosha wamesikia hichohicho alichosikia mpwa wangu. Dawa yake iko kwenye programu: muziki uachwe uendelee hata jahazi likizama. Ni kazi ndogo, nimeuliza. Lakini baada ya zile aya nne, nikimwambia rafiki yangu kosa liko upande wake, ataona mbabaishaji huyu ametafuta pa kutupia lawama. Na huenda sina haki kamili. Ningekuwa nimeicheza hatua ile mwenyewe kabla ya kutunga, badala ya kutazama picha nilizotumiwa, ningejua kwamba sekunde nane za mwanzo ndizo zitakazosikika kuliko zote, na nisingeweka pale fidla inayojivuta.

Kuna la pili, na ndilo linalonitia aibu. Nilirudi kusikiliza pale kijana wa Manzese aliposema unajikwaa. Ni kweli. Nilimtumia rafiki yangu faili la MP3 ili liwe jepesi, na MP3 huacha kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Ukiuzungusha muziki, kile kimya kinakuwa shimo. Ningetumia faili la aina nyingine, OGG, lisingekuwepo. Nimeshalirekebisha, lilinichukua dakika kumi. Lakini ili ulisikie lile shimo, ni lazima uishi zaidi ya sekunde 48 kwenye mikoko bila kufa. Kati ya watu wote wale, yeye peke yake alilitaja. Huenda ndiye pekee aliyeisikia kanuni yangu, na ndiye niliyemtukana.

Ndiyo nakuuliza, Shangazi. Huyu kijana nimwombe radhi palepale kundini nilipomdhalilisha, au nimpigie pembeni? Na nikimwomba radhi, je, lazima nikubali na ile noti kuwa ni mbovu? Kwa sababu si mbovu, na kuitoa siitoi. Naweza kuisogeza fidla ikaja baada ya kanuni, nikaanza na kanuni na dumbaki kwa kishindo, ila bayati ibaki bayati. Mwalimu nitamjibu nini, wakati sekunde 48 haziwezi kubeba khana nne?

Na rafiki yangu nimweleze habari ya muziki kuanza upya sasa, au nimpe kwanza faili jipya, atulie, ndipo nimwambie? Mwisho wa mwezi umebaki siku tisa, na ile nusu ya pesa nimeshanunulia nyuzi.

Mpiga kanuni,
Unguja