YAH: MADAI YA UHARIBIFU WA GARI NISIOUFANYA, NA FEDHA MLIZONITOA KWA KUNIFUNGIA GETI

Meneja,
Kampuni ya Kukodisha Magari,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkataba mnao, fomu za ukaguzi mnazo, na masharti mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo sitakusimulia unachokijua. Nakuandikia kwa heshima kwa sababu nimelelewa hivyo. Lakini naandika nikiwa na hasira, na hasira hiyo nyinyi ndio mlioitafuta.

Napinga ankara yenu ya shilingi 1,230,000, mnayonidai kwa mlango wa gari mnaosema niliugonga. Naipinga yote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Nianze na mlango wenyewe. Mlango wa nyuma kushoto, chini kabisa, pana mbonyeo wa upana wa kiganja. Asubuhi tuliyochukua gari kulikuwa bado na giza, na yadi yenu ina taa moja tu juu ya kibanda cha mlinzi. Pamoja na giza hilo niliuona. Nikamwita kijana wenu wa zamu nikamwambia, "Kaka, hapa pamebonyea, naomba uandike." Akamulika kwa simu, akasema, "Hiyo ya siku nyingi dada, inajulikana." Nikamwambia kama inajulikana basi iandikwe. Akachora duara kwenye ule mchoro wa gari ulio kwenye fomu, palepale kwenye mlango wa nyuma kushoto, akanichania nakala ya kaboni. Nakala hiyo ninayo, na duara lipo.

Fomu aliyonionyesha kijana huyohuyo siku ya kurudisha haina duara. Ni safi, gari zima halina kasoro hata moja. Ndugu Meneja, duara lililochorwa kwenye karatasi ya juu ndilo linaloshuka kwenye kaboni. Haiwezekani nakala iwe nalo halafu karatasi ya juu isiwe nalo. Kwa hiyo hiyo fomu safi imeandikwa lini, na sahihi iliyo chini yake kaiweka nani? Naomba jibu la swali hilo kwa maandishi.

Wakati yule kijana anapiga kelele nilichuchumaa pale mlangoni nikapitisha ukucha kwenye ule mbonyeo. Rangi ilikuwa imepasuka kama ganda la yai. Kipande kikabanduka, puti nyeupe ikabaki kwenye ukucha wangu, na chini yake bati lilikuwa limeshika kutu ya kahawia, kutu iliyokwisha kuanza kula bati. Nikapiga picha hapohapo. Mlango uliobonyea jana hauna puti. Puti anaiweka fundi baada ya kunyoosha bati, asawazishe kabla ya kupiga rangi. Maana yake mlango ule uligongwa zamani, ukapelekwa gereji, kazi ikalipuliwa, maji yakapenya, kutu ikaanza kazi yake taratibu. Nimemwonyesha picha hizo fundi wa bodi pale Igoma, akaniambia hata rangi ya mlango huo haifanani na ya mlango wa mbele. Mteja aliyekaa na gari siku chache atasababishaje kutu iliyozaliwa chini ya rangi?

Tena ninayo picha nyingine. Mpwa wangu alipiga picha kituo cha mafuta Usagara asubuhi ileile ya kuchukua gari, wazee wamesimama kando ya gari, na mbonyeo unaonekana nyuma ya mguu wa mjomba. Saa na tarehe viko kwenye simu. Nilimwonyesha kijana wenu. Hakuiangalia hata sekunde moja, akasukuma simu yangu kwa nyuma ya mkono.

Hapo ndipo nataka usome polepole.

Tulikuwa tumetoka Sengerema kupeleka mahari ya mdogo wangu. Ndani ya gari nilikuwa na baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki kuwa baba yetu, pamoja na mjomba. Tumeingia yadi saa kumi na moja jioni, kabla ya muda wa mkataba, tangi limejaa. Kijana akazunguka gari mara moja, akafika mlango wa nyuma, akasema, "Hapa mmegonga." Akachukua funguo mkononi mwangu, akabonyeza, milango ikajifunga, mizigo yetu ikiwa ndani. Akamfanyia mlinzi ishara, mlinzi akavuta geti. Baba mdogo akasogea kwa upole, akamwambia, "Kijana wangu, tuelewane, hili jambo dogo." Na kijana wenu, mwenye shati lenye nembo ya kampuni yenu, akamjibu: "Mzee, kaa pembeni, hii haikuhusu."

Nikasema dawa za presha za mzee ziko kwenye begi ndani ya gari. Akasema, "Kama mna haraka, lipeni."

Nilipouliza tumegonga wapi, akasema, "Kivukoni, Kigongo panabana, wateja wengi wanagonga kwenye pantoni." Pantoni ipi? Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa Juni 2025. Ni daraja la takriban kilomita tatu juu ya maji ya ziwa, na magari yanapita juu yake usiku na mchana. Sisi tulipita darajani kwenda na kurudi, na barabara kutoka hapa mjini hadi Sengerema ni lami. Kijana wenu alikuwa anasoma hadithi ya zamani aliyozoea kuwasomea wateja, na daraja limemkuta hajaibadilisha. Ni wateja wangapi waliolipa mlango huohuo kwa hadithi hiyohiyo ya pantoni? Ukitaka kujua, tafuta ankara zenu za nyuma za gari hilo. Mimi naamini utaukuta mlango huo humo.

Sasa ankara. Kunyoosha na kupiga rangi mlango, 480,000. Gari kukaa bila kazi siku tano kwa 120,000, jumla 600,000. Usumbufu wa ofisi, 100,000. Kuosha ndani, 50,000, wakati gari nililiosha mwenyewe kabla ya kulirudisha. Hakuna makadirio ya gereji yoyote, hakuna jina la fundi. Mkataba wenu unasema gari lina bima kubwa, na niliilipia ndani ya bei ya siku. Kama kweli kulikuwa na ajali, kwa nini hamkutaka ripoti ya polisi wa usalama barabarani, ambayo kampuni ya bima ingeidai kabla ya kulipa chochote? Hamkuitaka kwa sababu hakukuwa na ajali.

Na hizo siku tano za gari kukaa gereji ndizo zilizonifanya niandike barua hii badala ya kupiga simu tena. Kesho yake tu baada ya kulirudisha, nikiwa kwenye daladala Barabara ya Makongoro, tumesimama karibu na Furahisha, gari lilelile likasimama pembeni yetu. Lilikuwa na mteja mwingine na familia yake. Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa vilevile, ile rangi niliyoibandua kwa ukucha bado imebanduka. Picha ninayo, namba ya gari inasomeka. Mnanidai laki sita za gari kukaa bila kazi, na gari lipo barabarani linawaingizia fedha.

Nirudi kwenye jioni ile, kwa sababu silali kwa ajili yake.

Baba mdogo ana miaka zaidi ya sabini. Alikuwa amevaa koti lake la heshima, lile la shughuli, na siku ile ametoka kuzungumza mbele ya ukoo wa watu, akapewa kiti cha mbele, akasikilizwa. Saa chache baadaye amesimama kwenye changarawe za yadi yenu, geti limefungwa, na mtoto anayeweza kuwa mjukuu wake anamwambia kaa pembeni. Hakumwambia "samahani mzee" wala "shikamoo". Hata jicho hakumgeuzia, alikuwa anaangalia simu yake wakati anasema. Na mzee akakaa pembeni kweli. Alikwenda kusimama karibu na matairi mabovu yaliyopangwa ukutani, akavua kofia, hakusema neno tena. Mjomba alitaka kujibu, nikamzuia, kwa sababu dawa zilikuwa ndani ya gari na mimi nilikuwa nahesabu muda wa mzee kumeza dawa. Mlinzi alikuwa anaona. Mteja mwingine aliyekuja kuchukua gari alikuwa anaona. Hakuna mtu wa ofisi aliyetoka nje, ingawa dirisha lilikuwa wazi na watu walikuwa ndani.

Ndipo nikalipa. Andika hivyo kwenye kumbukumbu zenu: sikulipa kwa sababu nakubali deni, nililipa ili geti lifunguliwe na mzee apate dawa. Shilingi 300,000 kwa simu. Na hazikwenda kwenye lipa namba ya kampuni. Zilikwenda kwenye namba aliyonitajia kijana, na jina lililotokea kwenye ujumbe wa muamala ni la mtu binafsi. Nilipoomba risiti akasema mashine ina hitilafu. TRA wanatuambia kila siku ukinunua dai risiti, nami nimeidai, na hadi leo sijaipata. Amana yangu ya 500,000 nayo mmeizuia, na sasa mnanitumia ujumbe nimalizie 430,000 zilizobaki. Sitamalizia hata senti.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, mnirudishie 500,000 za amana na 300,000 za jioni ile, jumla 800,000, ndani ya siku 14. Pili, ankara ifutwe, na mnithibitishie kwa barua kwamba sidaiwi chochote. Tatu, mnipe nafasi ya kuiona fomu halisi ya asubuhi ya kuchukua gari, ile yenye duara.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyepokea fedha kwa kumlazimisha mwenzake azirudishe. Kufunga geti mzee akiwa ndani na dawa zake zimefungiwa garini ni kulazimisha, sijui kama mna jina lingine la jambo hilo. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa mfanyabiashara. Ankara ya siku tano za gari kukaa, huku gari linakodishwa, ni udanganyifu ulioandikwa na kupigwa mhuri wenu.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini wakati naandika barua hii umeingia ujumbe mwingine kutoka ofisini kwenu, unasema nisipolipa "jina litapelekwa kwa wanaohusika". Basi na mimi nabadilisha. Zile siku 14 nilizoandika hapo juu zifute, zibaki siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Mbali na fedha, nataka wewe mwenyewe, Ndugu Meneja, pamoja na yule kijana, mfike Kisesa nyumbani kwa baba mdogo mkamwombe radhi, mkiwa mmekaa chini mbele yake, na mjomba akiwepo. Sitaki radhi ya ujumbe wa simu, na sitaki mniombe mimi kwa niaba yake. Aliyedhalilishwa ni yeye.

Siku ya nane ikifika bila fedha na bila radhi, picha zote, nakala ya kaboni na ujumbe wa muamala vitakwenda Tume ya Ushindani. Suala la risiti na la fedha za kampuni kupokelewa kwenye simu ya mtu binafsi litakwenda TRA. Suala la fomu iliyoandikwa upya na sahihi isiyo yangu nitalipeleka polisi, kwa sababu hilo si la biashara tena. Na fedha zangu nitazidai mahakamani pamoja na gharama zote za kuzifuatilia, nauli hadi karatasi. Tena nitamtafuta na yule mteja wa Furahisha nimwonyeshe picha zangu kabla hamjamuuzia naye mlango huo.

Barua hii naileta kwa mkono, na nitahitaji mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Asiipokee yule kijana.

Ni mimi,
Mteja wenu, mwenye mkataba ulioambatanishwa.

Viambatanisho: nakala ya kaboni ya fomu ya ukaguzi, picha za Usagara, yadini na Furahisha, ujumbe wa muamala wa 300,000, na ankara yenu.