Harufu ya samaki jikoni

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetushika. Nimefurahi mno kusikia mmeshahamia nyumba ya marehemu bibi hapo Pangani, na kwamba ule mlango wa mbao bado umesimama. Lakini ile picha ya jikoni uliyonitumia imeninyima usingizi. Soketi moja tu ukutani, imechomekwa ekstensheni, na kwenye ekstensheni nimehesabu friji, birika, jiko la plate na blenda. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana kwenye simu tungeishia kwenye habari za harusi.

Nikusimulie yaliyonipata. Mwaka juzi nilirudi sokoni nikakuta jikoni kunanuka samaki, na siku hiyo tulikuwa tumepika kunde. Nikafungua friji, nikakagua ndoo ya taka, nikamuuliza mdogo wangu kama kuna paka ameingia na kitu. Samaki hatukumwona. Siku tatu harufu ikawa inakuja asubuhi wakati wa chai, mchana haipo. Siku ya nne ukatoka moshi nyuma ya kabati. Mdogo wangu akakimbilia ndoo ya maji. Nikamshika mkono, nikaenda kwanza kuzima mein swichi.

Kumbe iliyokuwa inanuka ni soketi. Plastiki yake ikipata moto sana inaweza kutoa harufu kama ya samaki, na sisi watu wa pwani nani angeshtukia samaki jikoni? Fundi alipoifungua, upande mmoja ulikuwa umeungua mweusi, skrubu imeliwa na kutu ya hewa ya chumvi, na mpira wa waya umekauka hata akiugusa unapukutika kama ganda la karanga.

Akanikalisha akanifanyia hesabu, nami nakufanyia wewe. Umeme wetu ni volti 230. Tazama wati zilizoandikwa chini ya chombo, gawanya kwa 230, unapata ampea. Birika langu ni wati 2,200, karibu ampea 9.6. Jiko la plate ni wati 1,500, ampea 6.5. Vikiwaka pamoja ni zaidi ya ampea 16 kwenye soketi ya ampea 13, tena kupitia ekstensheni yenye waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ambao mzigo wake ni ampea 6 tu. Nikamuuliza, mbona fyuzi haikukatika? Akasema fyuzi ya plagi huvumilia mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, na muda huo wote waya unapikika. Fyuzi ya kwenye boksi la umeme ndiyo iliyoniuma zaidi. Zamani kuna mtu alichoka nayo kukatikakatika, akatoa uzi wake akaweka kipande cha waya mnene wa shaba. Miaka yote hiyo tumelala humo na watoto, na hapakuwa na kitu cha kukata umeme.

Kwa hiyo shoga, usinunue ekstensheni yenye matundu mengi zaidi. Utakuwa unaongeza mzigo kwenye waya uleule wa bibi. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya serikali ya nishati na maji, si kijana aliyezoea kubadilisha taa. Akuvutie laini mpya kutoka mein swichi hadi jikoni, waya wa 2.5 kwa soketi, na kama shemeji bado anataka oveni, laini nyingine ya waya wa 6 yenye breka yake peke yake. Kuta asizichimbe, zile ni za mawe na chokaa, zitamomonyoka. Apitishe waya juu ya ukuta kwenye mabomba ya plastiki, utayazoea.

Na athi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, apime, usikubali aondoke bila kupima. Kwangu nondo yake ilikuwa imeshaliwa na kutu ardhini. Bila athi, jiko likivuja umeme utagusa sufuria ikupige shoti, nawe umesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Aweke pia ile breka wanayoiita RCD, ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara kwa mara uone kama inakata.

Mpaka hapo, friji ihamie sebuleni kwenye soketi yake. Jikoni chomeka chombo kimoja cha moto kwa wakati, moja kwa moja ukutani. Chemsha maji kwanza, yatie kwenye chupa ya chai, chomoa birika, ndipo uwashe jiko. Maharage yapike kwa mkaa. Ukichomoa plagi ukaona ina moto mkononi, soketi hiyo usiitumie tena hadi ifunguliwe.

Fundi wangu amekubali kuja Pangani Alhamisi, mumpe nauli na chakula. Nijibu kabla ya Jumanne nimthibitishie. Na leo usiku kabla hujalala, nakuomba, chomoa lile jiko.

Wako akupendaye,
Mwanahamisi