Barua ya wazi kwa wazazi wenye usonji mnaolea watoto wenye usonji, Arusha na Moshi

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliomsikia daktari akitaja dalili za mtoto, moja baada ya nyingine, mkajitambua wenyewe. Hilo hutokea sana. Usonji, yaani autism, hurithiwa kwa kiasi kikubwa, hivyo mzazi naye anaweza kuwa nao, au akawa na hali iliyo jirani, ile ya kutotulia na kusahausahau. Anayewaambia ni chanjo, mjibuni kwamba andiko la mwaka 1998 lililovumisha maneno hayo lilifutwa mwaka 2010 na jarida lilelile lililolichapisha. Anayesema ni laana ya ukoo msibishane naye, mna kazi nyingine.

Nyumba yenu ina watu wawili wanaoelemewa, si mmoja. Ushauri mwingi mnaopewa umetungwa kwa mzazi asiyesumbuliwa na kelele, asiyesahau tarehe, anayeweza kuongea hata akichoka. Mkiufuata ulivyo mtaanguka nyinyi kabla ya mtoto.

Tuanze na sauti. Mtoto anagonga sufuria kwa kijiko, maana mdundo unamtuliza. Mdundo huohuo unampasua mzazi kichwa. Mkimkataza mnamnyima kinachomtuliza, na atatafuta kingine kibaya zaidi. Mpeni ndoo ya plastiki juu ya mkeka, barazani. Mzazi avae vizibo vya masikio vya sponji. Kiviringishe kizibo kwa vidole hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie karibu nusu dakika kitanuke. Wanaosema havisaidii wengi wao hukiachia mapema. Bado utasikia mtoto akiita, lakini usivivae mkiwa karibu na barabara, mfereji au jiko la mkaa. Mtoto mdogo asipewe vya sponji, anaweza kuvimeza au kupaliwa. Yeye avae vile vikubwa vya kufunika masikio. Masika mvua ikipiga bati, mtavaa wote.

Mtoto akilipuka, punguzeni maneno kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea: wanauliza "una nini?", wanarudia, wanapandisha sauti, na kila neno linaongeza mzigo kwenye kichwa kilichojaa. Zimeni redio, ondoeni watazamaji, kaeni pembeni yake na si mbele yake. Msimshike isipokuwa anajiumiza au anakimbilia barabarani. Mafundisho yasubiri mpaka ale, anywe maji, alale.

Na wewe mzazi? Kilio chake kinaweza kukulipua pia. Basi zamu zipangwe mkiwa watulivu. Neno moja linatosha: "zamu". Wapo wanaopotewa na maneno kabisa wakielemewa. Hao waning'inize khanga mlangoni, na kila mtu mzima nyumbani, hata dada wa kazi, ajue maana yake ni kumchukua mtoto bila kuuliza. Anayelea peke yake aandae chumba kisicho na kisu, kiberiti wala maji ya moto, amweke mtoto humo, akae mlangoni na kuvuta pumzi taratibu, akiitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta.

Ratiba ya picha iwe ya nyinyi wote. Fungeni kamba ukutani, banieni picha tatu hadi tano kwa vibanio vya nguo: chai, sare, shule, kuoga. Zikiwa kumi na tano hakuna atakayezitazama, mzazi akiwa wa kwanza. Muwe na picha moja ya "mabadiliko", ya kuonyesha kwamba ratiba imebadilika, mkaitumie kwa mambo mazuri pia. Ikitoka siku za sindano tu, mtoto ataiona na kukimbia. Kama anameza dawa ya kifafa, ambacho huambatana na usonji kwa watoto wengi, wekeni kengele ya simu na mtu wa pili wa kukumbusha. Dawa hiyo haikatishwi ghafla.

Kufanana kwenu kuna mtego. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao hutoka pande zote mbili. Ni kweli, na mara nyingi mtamsoma mtoto haraka kuliko shangazi zake. Lakini msidhani mnamjua kwa kuwa mnajijua. Wewe sweta la sufu la shule lilikuwasha. Yeye huenda analipenda kwa kuwa linambana. Jaribuni kwanza.

Hospitali nendeni na karatasi. KCMC pale Moshi kuna wataalamu wa tiba kazi, wanaomsaidia mtoto katika kuvaa, kula na kuvumilia mguso. Andikeni mambo matatu yanayowashinda nyumbani, pigeni video ya dakika moja au mbili ya jambo lenyewe, na ombeni apimwe masikio. Mkishindwa kuongea mbele ya daktari, mpeni karatasi asome. Si utovu wa adabu.

Sasa Desemba, maana najua mnaiogopa. Ukoo wote umepanda mlimani kwa sikukuu, Machame, Marangu, Rombo. Kuna ndafu, mbege, spika, na watu arobaini wanaotaka kumkumbatia mtoto. Wiki moja kabla, mwambieni bibi yake kwamba mtoto atasalimia kwa kiganja, na asilazimishwe kutamka shikamoo. Bebeni chakula anachokula na shuka lake ambalo halijafuliwa, harufu yake anaijua. Fikeni mapema kabla ya umati, ombeni chumba kimoja cha kujificha. Mzazi akikuta wazee wamekaa safu, "Shikamooni" moja inatosha, kisha aende jikoni kumenya ndizi: hakuna anayemsumbua mtu mwenye kazi mkononi. Apake mafuta viganjani kwanza, utomvu ukigandia vidoleni utamharibia siku.

Saa ya kuondoka itajwe mkifika, si mtoto akishaanza kulia. Usafiri wa kushuka muuweke mapema, kwa kuwa sikukuu magari hujaa. Siku mbili zinazofuata msipange kitu wala kukaribisha mgeni. Mama mkwe akinuna kwamba mmeondoka mapema, mtumieni ujumbe jioni hiyo. Simu ipigwe kesho kutwa.

Mama yenu,
Moshi